Hewa Kwenye Breki

Saa mbili asubuhi Wangare alikuwa ameshalowa mafuta ya breki mpaka viwikoni. Masta ya Peugeot 404 ilikuwa imebanwa kwenye vaisi, naye alizungusha ndani ya tundu lake kijiti kilichoviringwa msasa laini, taratibu, kwa mviringo. Hakusugua kwa kwenda na kurudi. Kusugua hivyo huacha mikwaruzo ya urefu, na mafuta ya breki hayahitaji njia pana ili yatoroke. Baada ya kila mizunguko kumi alichomoa kijiti, akafuta tundu kwa kitambaa cha pamba, akaingiza kidole cha mwisho na kupitisha ukucha ukutani. Ukucha ukikwama, chuma hicho kazi yake imekwisha, wapewe watu wa vyuma kuukuu. Ukucha wake haukukwama.

Kwa asiyejua magari, masta ni kile chuma kidogo kinachokaa mbele ya pedali ya breki. Ukikanyaga, ndicho kinachosukuma mafuta mpaka kwenye magurudumu yote manne. Ndani yake mna pistoni, springi na raba zenye umbo la kikombe, na raba hizo ndizo zinazoamua kama utafika Naivasha au utafika mochari. Hakuna anayekikumbuka mpaka siku kitakapokataa kazi.

Hiki kilikuwa kimekataa kwa ujinga wa watu. Mafuta ya breki yalipopungua, mtu fulani aliongezea mafuta ya injini, raba zikavimba na kulegea kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai. Gari lililetwa Jumatano likivutwa kwa kamba, jeupe, kromu zote zikimetameta, urembo mwingi na breki hakuna.

Lilikuwa gari la Bwana Muiruri, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Mafundi hamsini hivi walikuwa wametandaza vyuma vyao kwenye uwanja ule wa nyuma ya mtaa wa Section 58 kwa miaka mingi bila mtu kuwauliza. Sasa waliulizwa. Jumatatu uwanja ungezungushiwa mabati, na mafundi waliosajiliwa wangehamia kwenye shedi mpya ng'ambo ya barabara: paa, sakafu ya saruji, stima, shimo la kuingilia chini ya gari, na geti lenye askari aliyeshika orodha. Asiyekuwa kwenye orodha hangevuka geti. Muiruri ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi wa shedi. Kwa hivyo gari lake lilipofika kwa Wangare na mwenzake Kahiga, hakuna aliyetaja malipo.

"Huyo ndiye ameshika kalamu," Kahiga alikuwa amesema. "Tumtengenezee hii gari vizuri, shedi tuko nayo kwa mfuko."

Hata raba mpya Wangare alizinunua mwenyewe mjini, kwa bei iliyokuwa imepanda karibu maradufu tangu Krismasi. Alipouliza sababu, Sally wa duka la spea alimjibu neno moja tu: dola. Siku hizi kila kitu ni dola, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuishika.

Wangare na Kahiga walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Wote wawili walifunzwa na marehemu Mzee Micah, na mzee alipofariki waligawana vyombo vyake na kazi zake. Kahiga alichukua injini na wateja. Wangare alichukua breki. Kahiga alikuwa na mdomo, angeweza kumuuzia mtu gari lake mwenyewe na mtu akashukuru. Wangare alikuwa na mikono. Mpango huo uliwafaa, ndiyo maana fomu za shedi zilipotoka, ndefu, kwa Kiingereza, za kujazwa kwenye kompyuta, Wangare alimpa Kahiga kitambulisho chake na picha mbili za pasipoti, akarudi chini ya gari. Kama ni kosa, basi kosa lake ni hilo. Lakini mtu aliyekaa kwenye pedali miaka kumi na tisa huku wewe umelala chini ya magurudumu, utaanzaje kumwomba akuonyeshe karatasi?

"Mama Travis! Umeamkia hapa ama ulilala hapa?" Kahiga alifika saa mbili na nusu, shati limepigwa pasi.

"Wewe ndio umeamka mchana. Muiruri anakuja saa ngapi?"

"Saa saba. Na si mchezo, kesho hiyo gari inabeba bibi harusi. Msichana wake anaolewa huko Longonot."

"Itakuwa imeisha."

Kahiga aliinama juu ya meza, akaokota raba mpya moja kwenye karatasi yake, akaigeuzageuza. Ilikuwa na unga mweupe wa dukani. Kwa roho safi kabisa akainyoosha kuelekea mkebe wa petroli ili aisuuze.

Wangare alimkamata mkono. "Wee! Raba ya breki na petroli, wapi na wapi?"

"Ai, nilisahau."

"Ikionja petroli inavimba, kesho kutwa ni kama ile tu tumetoa. Raba inaoshwa na brake fluid. Mzee alikuambia hiyo maneno mara ngapi?"

"Si ndio maana uko," Kahiga alisema akicheka, akairudisha raba mezani. "Mimi nilikuwa nalala hiyo siku ya somo."

Wangare naye alicheka. Alichukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa stima, akauingiza kwenye kijitundu chembamba juu ya masta, kile kinachorudisha mafuta mguu ukiinuka. Kilikuwa kimezibwa na vumbi la raba iliyooza. Alikizibua, akapuliza, akatazama mwanga ukipita. Kisha akalowesha raba mpya kwenye mafuta safi ya breki na kuzipanga kwenye pistoni, mdomo wa kikombe ukitazama mbele. Raba ikiingia kinyume, pedali inaanguka mpaka sakafuni mara ya kwanza tu.

"Kahiga," alisema bila kuinua macho. "Ile list inatoka leo?"

"Wanasema leo."

"Na uliandika sisi wote wawili?"

"Mama Travis, mimi na wewe tumetoka wapi?" Kahiga aliweka mkono kifuani. "Tulia. Funga masta."

Wangare alitulia, akafunga masta.

Kufikia saa tano na nusu masta ilikuwa imerudi mahali pake. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni Wangare aliacha nafasi ya unene wa ukucha, kwa sababu fimbo ikigusa muda wote breki hazitaachilia na magurudumu yatawaka moto njiani. Kilichobaki ni kutoa hewa.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, mwingine hulala chini kwenye gurudumu na spana ndogo, kijimpira chembamba na chupa yenye mafuta kidogo. Wa juu hukanyaga mara nne, kisha hushikilia pedali chini. Wa chini hulegeza skrubu, mafuta yanatoka pamoja na mapovu, kisha anakaza. Hapo tu ndipo wa juu anaruhusiwa kuinua mguu. Akiuinua kabla, breki zinavuta hewa na kazi yote inaanza upya. Mafuta hayabanwi, hewa hubanwa. Gari lenye hewa kwenye breki lina pedali laini kama mto, na mto haujawahi kusimamisha gari.

Walianza na gurudumu la mbali zaidi, la nyuma kushoto.

"Piga!"

"Napiga."

"Shika!"

"Nimeshika."

Skrubu ililegea, mapovu yakapanda kwenye chupa, skrubu ikakazwa. "Achilia."

Walikuwa wamefanya hivyo maelfu ya mara. Wakati mwingine hawakuhitaji hata kusema, Wangare alisikia pumzi ya pedali na kujua. Nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto. Jua lilikuwa utosini na mgongo wa Wangare ulikuwa juu ya kipande cha kadibodi, lakini roho yake ilikuwa nyeupe. Alikuwa akifikiria sakafu ya saruji. Mvua ya mwezi wa nne ingenyesha na yeye angekuwa amelala pakavu.

Gurudumu la mwisho, mbele kulia. "Shika!"

"Nimeshika."

Alilegeza skrubu. Mafuta yalianza kutoka, safi, karibu bila povu. Kisha juu yake simu ikalia mlio wa ujumbe, pedali ikapumua, na mbele ya macho yake mafuta yakarudi nyuma ndani ya kijimpira. Chupa ilikuwa imeanguka ubavu, kwa hivyo kilichofuata ndani kilikuwa hewa tupu.

"Kahiga! Mguu!"

"Pole, pole sana."

"Umevuta hewa yote! Unafanya nini huko?"

Aliyejibu alikuwa Kigen, fundi wa kunyoosha bodi, aliyekuwa akija mbio kati ya magari na simu mkononi.

"Kahiga! Umeona group? List imetoka! Shedi namba kumi na nne, boss! Pongezi!"

Wangare alijiburuta kutoka chini ya gari haraka hivi kwamba aligonga paji la uso kwenye bampa. Hakuhisi. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya mulika mwizi, isiyo na intaneti wala mambo ya group. "Tumepata? Kigen, umesema tumepata?"

"Mmepata, mathe! Hata wewe uko, jina nimeiona hapa." Kigen alisogeza kidole kwenye kioo cha simu. "Kumi na nne... hii hapa. Kahiga, mwenye shedi. Wasaidizi, mmoja. Wan..."

Alimtazama Kahiga, akamtazama Wangare, kisha akakumbuka kwamba alikuwa na mlango wa gari wa kunyoosha. Alirudi kwake, na muda si muda nyundo yake ikaanza kugonga kwa bidii mahali ambapo hapakuwa na bonde lolote.

"Msaidizi," Wangare alisema.

"Ngoja nikuelezee." Kahiga alikuwa ameshuka kwenye gari. "Ile fomu ilikuwa na nafasi ya mwenye shedi mmoja tu. Mmoja! Na ukionyesha umeajiri mtu unaongezewa pointi. Ningeandika tuko wawili tungekosa sisi wote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri. Mama Travis, hiyo ni karatasi tu. Shedi ni yetu. Wewe utakuwa unafanya breki, mimi injini, kila kitu kama kawaida."

Wangare alitaka kumwamini. Hiyo ndiyo aibu iliyomkaa baadaye kuliko zote, kwamba kwa dakika tano nzima alisimama pale na uvimbe ukiota kwenye paji la uso, akijitafutia mwenyewe sababu za kumwamini. Fomu za serikali zina ujinga wake, alijiambia. Pengine nafasi ilikuwa moja kweli. Pengine angekuwa yeye anayejaza angefanya vivyo hivyo. Lakini alijua hangefanya.

Saa saba kasorobo teksi ilimshusha Bwana Muiruri, suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Pamoja naye alikuwa Mercyline, karani wa mradi, msichana mpole aliyebeba faili kubwa kifuani kama mtu anayezuia mvua. Kahiga aliwafikia kabla hawajavuka mtaro.

"Karibu, boss! Mashine iko hapa."

"Kahiga, nimeona watu wanakupongeza." Muiruri alipitisha mkono juu ya boneti kwa mapenzi. "Kwani huyu mzee wangu alikuwa na shida gani?"

"Masta, boss. Mtu aliweka mafuta ya injini, raba zikavimba. Nikafungua masta, nikapiga msasa ndani kwa mviringo, si kwa kwenda na kurudi, maana hiyo inaleta mikwaruzo. Halafu raba mpya. Na hizo haziwezi kuoshwa na petroli, unaona, zinaoshwa na brake fluid."

"Wewe ni fundi kamili."

Wangare alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, spana mkononi. Alisikia kazi yake na maneno yake ya asubuhi vikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, vimepigwa pasi kama shati. Asante ya punda ni mateke, watu husema, lakini punda angalau hageuki akadai ni yeye aliyekulisha.

"Gari haijaisha," alisema.

Muiruri aligeuka. "Ati?"

"Iko na hewa. Haiwezi kutoka hapa."

"Ni kitu kidogo, boss, dakika kumi," Kahiga aliingilia. "Mama Travis, ingia chini, mimi nakaa kwa pedali."

"Wewe hapana."

"Kwani nini sasa?"

"Mguu wako siuamini tena."

Hata nyundo ya Kigen ilisita. Muiruri alitazama saa yake. "Sasa nani atakanyaga? Mimi nina harusi."

"Mwenye gari," Wangare alisema. "Ingia, mzee. Nikisema piga, unapiga mara nne. Nikisema shika, unashika mpaka chini, na huachilii mpaka nikuambie."

Muiruri alicheka. Ilimfurahisha, mtu mkubwa kufanyishwa kazi mbele ya watu, kama wanasiasa wanaopigwa picha wakichoma mahindi. Alivua koti, akampa Mercyline, akaketi. Wangare alilala tena juu ya kadibodi. Ilibidi waanze upya, gurudumu la kwanza mpaka la tatu, na Muiruri alijifunza haraka. Kufikia la nne alikuwa hacheki tena, jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Shika!"

"Nimeshika."

Wangare alilegeza skrubu. Mapovu yalitoka. Yalipokwisha hakukaza.

"Mzee Muiruri, nina swali. Hiyo fomu ya shedi ina nafasi ya watu wangapi wenye shedi?"

"Nini? Mama, mguu wangu uko hapa chini!"

"Uache hapo hapo. Ukiinua hewa inaingia, na kesho msichana wako ndiye atakuwa ndani. Nauliza tu. Ni mmoja ama wawili?"

"Mercyline!" Muiruri aliita. "Mwambie."

Karatasi zilipekuliwa. "Ni wawili," Mercyline alisema. "Mmiliki, na mmiliki mwenza."

"Nisomee ya namba kumi na nne."

"Mama Travis, hizo ni siri za ofisi," Kahiga alianza.

"Haraka, Mercyline," Muiruri alisema. Paja lake lilikuwa limeanza kutetemeka.

"Shedi kumi na nne. Mmiliki, Kahiga. Mmiliki mwenza, Nyakio, mke. Msaidizi mmoja, Wangare. Kazi, kuosha vyuma na usafi wa jumla."

Nyakio alikuwa mke wa Kahiga. Aliuza nguo za watoto sokoni, mtu mwema, na katika maisha yake yote hakuwahi kushika hata spana ya kufungulia gurudumu. Kutoka chini ya gari Wangare alikuwa anaona viatu tu: viatu vya Mercyline vya kisigino kifupi, na viatu vya Kahiga, ambavyo vilirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Nafasi ilikuwepo. Kahiga aliiona, akakaa mbele ya kompyuta na kitambulisho cha Wangare mkononi, akaandika jina la mkewe. Halafu akaanza kufikiria Wangare aitwe nani, akapata usafi wa jumla. Kwa mara ya kwanza siku hiyo machozi yalimlengalenga Wangare. Aliyafuta kwa mkono wenye mafuta ya breki, ambayo huwasha, na hilo likampa sababu nyingine ya kulia.

"Mzee," alisema. "Mimi ndiye nimefungua hii masta. Mimi ndiye fundi wa breki hapa, miaka kumi na tisa. Uliza mtu yeyote kwa hii uwanja."

"Mama, mimi sijui nani anashika spana." Sauti ya Muiruri haikuwa ya ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi najua karatasi. Karatasi ililetwa hivyo, ikatiwa sahihi hivyo."

"Na sasa umejua."

"Nimejua. Lakini list imetoka. Kuna kamati ya malalamiko, andika barua ndani ya siku kumi na nne."

"Nani yuko kwa hiyo kamati?"

Mercyline ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Ni bwana mkubwa mwenyewe, mimi kama katibu, na mwakilishi wa mafundi. Mwakilishi ni Bwana Kahiga."

Kama angetaka, Wangare angemwacha Muiruri pale na mguu wake mpaka saa kumi. Angeweza pia kukaza skrubu nusu, na hakuna ambaye angejua mpaka kwenye mteremko. Wazo hilo lilipita, akaliona, akaliacha lipite. Alikaza, akamfanya apige na kushika tena mara mbili mpaka mafuta yakatoka safi kabisa, akakaza skrubu kwa mara ya mwisho, akaifuta kwa kitambaa kuona kama inavuja. Haikuvuja.

"Achilia," alisema.

Mzee Micah alikuwa na sharti lake, na Wangare hakuwahi kulivunja: aliyetengeneza breki hupanda gari hilo kwanza, kiti cha mbele, mwenye gari akiendesha. Kama umeifanya vibaya, ufe naye. Basi Wangare alipanda kando ya Muiruri, akatandika gazeti ili asichafue kiti, wakashuka mteremko wa kwenda mjini. Katikati ya mteremko alimwambia akanyage kwa nguvu. Gari lilisimama pale pale, bila kuyumba, bila mlio, pua chini kidogo kama ng'ombe anayekunywa maji.

"Lo!" Muiruri alikanyaga tena, na tena, kama mtoto. "Hata baba alipoinunua haikuwa hivi."

Wangare alingoja. Alidhani mtu akiona kwa mguu wake mwenyewe, atasema neno. Muiruri alisema. Alisema habari za hema la harusi, na wageni kutoka Mai Mahiu ambao walikuwa wameongezeka kutoka mia mbili hadi mia nne, na jinsi nyama ilivyopanda bei. Walipogeuza alikuwa bado anazungumza habari za nyama.

Uwanjani alishuka, akavaa koti lake, akamwendea Kahiga na kumpa mkono. "Kazi safi, Kahiga. Umshukuru na huyu mama pia."

"Asante, boss," Kahiga alisema. Aliupokea ule mkono. Hakumtazama Wangare.

Mercyline alikuwa ameweka faili lake juu ya meza ya Wangare, kando ya raba kuukuu zilizovimba. "Wasaidizi wanaweka sahihi leo," alisema kwa huruma. "Mwisho ni saa kumi na moja. Ukisaini, jina linaenda kwa askari wa geti, Jumatatu unaingia bila shida. Ni hapa tu."

Wangare alisoma karatasi polepole. Kiingereza chake hakikuwa kingi lakini kilitosha. Jina lake, namba ya kitambulisho chake, picha yake ambayo alichana nywele kwa ajili yake. Halafu ile kazi. Alijua bei ya kutosaini. Jumatatu mabati yangesimama hapa alipo, mwanawe Travis alikuwa darasa la mtihani, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kuelezwa habari za heshima.

"Saini tu, Mama Travis," Kahiga alisema nyuma yake, kwa upole, sauti ile ile ya kila siku. "Saini uingie. Tutarekebisha baadaye, mimi na wewe."

Alichukua kalamu. Alikata maneno ya kazi kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: FUNDI WA BREKI. Kisha akaisukuma karatasi.

Mercyline aliitazama kama chakula kilichoingia nzi. "Ai, mama. Fomu ikikatwa haikubaliwi. Na sina nyingine, zinachapishwa zikiwa na namba."

"Basi."

"Bila hii hutaingia kwa geti."

"Nimesikia."

Mercyline alimgeukia Muiruri, lakini Muiruri alikuwa ameshawasha gari na alikuwa akisikiliza injini kwa kichwa kilichoinama. Kahiga alifungua mdomo, ule mdomo uliouza kila kitu, na safari hii haukuwa na bidhaa. Mercyline akatoa kalamu nyekundu. Juu ya karatasi akaandika IMEKATALIWA, akapiga mhuri wa tarehe, akavuta pumzi.

"Samahani, mama. Ofisi inataka usaini hapa chini, kuonyesha umejulishwa kwamba umekataliwa."

"Hapa?"

"Hapo."

Wangare alifuta vidole kwenye ovaroli, kimoja kimoja, ili asichafue. Kisha akaweka sahihi, jina lake lote, na mbele ya jina akaandika kazi yake tena.